Mwezi wa Uso wa Nani

Askari wa getini alikataa kuniachia begi. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya kilima cha Lubaga, mama yangu amekaa ndani ya gari na tasbihi yake, na yule bwana mwenye sare iliyompwaya anafungua zipu taratibu kana kwamba ana mchana kutwa mbele yake. "Hii kitu iko nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni darubini. "Ya jeshi?" Nikamwambia ya kutazamia mwezi. Akalitoa lile bomba jeupe, akalichungulia upande usio wake, akasema haoni kitu, kwa hiyo lazima ampigie simu bosi.

Nilitamani kulia. Mwezi mwandamo haumsubiri bosi wa mtu. Ukishachwa umechwa, na mimi nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kwa ajili ya dakika chache hizo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba pale aliposimama yule askari, penye pipa la maji ya sabuni na matambara, ndipo palipokuwa mlango wa jiko letu. Sasa ni mahali pa kuoshea magari. Nimezaliwa pale, nimekulia pale, na leo naombewa ruhusa ya kuingia kwa simu.

Sisi tulikuwa watu wa Mengo, wa nyuma ya ukuta wa Lubiri, ikulu ya mfalme, katika nyumba ya bati iliyojengwa na mzee wetu mmoja aliyefuata biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili, barabarani Kiluganda, na bibi akikasirika alitumia vyote viwili ili pasiwe na mtu wa kusingizia kwamba hakuelewa. Huko pwani futari wanaipika kwa nazi. Sisi nazi tuliiona mgeni akija kutoka Mombasa, kwa hiyo matoke ya futari kwetu yaliungwa kwa karanga. Karanga hizo zilitwangwa na sisi watoto, uani, kwenye kinu ambacho mchi wake ulikuwa mrefu kunishinda. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa kwa jirani, viganja vinaniwasha.

Jioni ya ishirini na tisa ya mwezi wa Shaabani ndiyo iliyokuwa jioni kubwa. Kinu kiliwekwa kando, uwanja ukafagiwa, chimni ya taa ikafutwa kwa jivu hadi ikalia. Kisha tukaoshwa nyuso. Watoto wote wa nyumba ile, wetu na wa jirani waliokuwa wanajileta, tulipangwa kwenye ukingo wa baraza, tukasuguliwa mashavu kwa kitambaa, tukapakwa mafuta ya mgando mpaka tukang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye karai. Aliyejifuta kwa mkono alipakwa tena, pamoja na kofi dogo.

Nyuso zilikuwa na kazi. Kwetu mtu aliyeuona mwezi mpya hakuachiwa atazame kitu kingine ovyo. Bibi alisimama mlangoni pa jiko, macho Lubaga, midomo inacheza kwa dua. Akishauona aliyafumba macho pale pale, akanyoosha mkono, akasema, "Nileteeni fulani." Mama akamshika fulani begani, akamsogeza mbele ya bibi, na bibi akayafumbua macho juu ya uso ule. Mwezi mzima ukawa wa uso wa mtoto yule. Tambi za sukari za sahani ya kwanza alipewa yeye. Mgeni akija na zawadi, ni uso wake. Lakini na mchuzi ukiungua, au paka akiiba nyama, bibi aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwezi wa uso wa nani huu?" Na mtoto aliyekuwa na mwezi akajibu, "Wangu, Bibi," kwa aibu na kwa raha. Ndiyo, kwa raha, maana hata kulaumiwa kwenyewe kulikuwa cheo.

Kabla ya kuita uso, bibi alitangaza kwanza mwezi umekaaje. Huku kwetu mwezi mchanga haulali ubavu. Unakaa, pembe juu, kama bakuli mezani. Ukikaa sawa bibi alisema riziki itatulia ndani yake. Ukiinama kidogo alisema tutafute kifuniko. Na mwezi uliopinduka? Tulimuuliza, kwa ule utundu wetu. Akasema huo hajawahi kuuona na haombi kuuona, kwa sababu ukimwagika, unamwagikia uso wa yule aliyeitwa.

Mimi sikuitwa hata siku moja. Nilikuwa mtoto wa kukunja uso. Jua lilinikera, njaa ilinikera, mafuta ya mgando yalinikera zaidi ya vyote. Nilisimama kwenye foleni ile nimevimba, nikiomba nichaguliwe, na kadiri nilivyoomba ndivyo nilivyonuna. Bibi akanipita. "Huyu uso wake umekunjamana kama nguo iliyolaliwa," alisema. "Mwezi mwingine." Watoto wakacheka, wakaitwa wao. Bibi akafa, mwezi mwingine haujafika. Nina miaka hamsini na kitu sasa, nina mume, nina binti chuo kikuu, nimezika na nimezaa, na nakwambia bila kuficha kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Baada ya bibi, mama ndiye aliyesimama mlangoni. Aliwaita dada zangu na wajukuu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko Ntinda, upande wa pili wa mji, siku za mwezi nilikwama kwenye foleni ya magari pale kwenye taa, nikifika mwezi umezama na tambi zimepoa. Kisha nyumba ya Mengo ikauzwa, kila ndugu na upande wake, na mama akahamia kwangu.

Macho yake yalianza kufifia kwa pembeni. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kidogo. Jicho moja halina kazi tena. La pili linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, tena mchana penye mwanga mzuri. Mwaka jana tulimpeleka hadi kwenye lango letu. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, mwezi uko pale juu ya nyaya za umeme, sote tunamwelekeza kwa vidole. Hakuuona. Binti yangu akamwambia, "Bibi, kwenye simu wameshatangaza, umeandama." Mama akajibu, "Basi kama simu imeuona, ifunge nayo." Akaingia chumbani. Hapakuwa na uso ulioitwa mwaka ule.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba safari hii atauona, hata kama itabidi nimletee mezani. Na hapo ndipo nilipoingia kwenye mambo ya darubini, ambayo sikutakii wewe uyaingie.

Nilidhani ni kitu cha kununua kama pasi. Nikaenda mjini, kwenye duka linalouza kamera, redio na mizani za kupimia watoto. Muuzaji akanishushia boksi lenye picha ya sayari yenye pete. "Hii, nnyabo, mama, iko kali sana," akasema. "Nyota unaona mpaka mlango yake." Nikamuuliza kama mtu mwenye jicho moja dhaifu ataona kwayo mwezi mwembamba. Akanionyesha ubavuni mwa boksi palipoandikwa jinsi inavyokuza, namba kubwa nyekundu. Nikamuuliza kama mama yangu ataweza kuitumia akiwa amekaa. Akanionyesha namba ile ile. Mume wangu, niliyekuwa nimekwenda naye ili anisaidie, akaipenda ile namba. Yeye alitaka tuchukue kubwa zaidi, lile pipa lililokuwa dirishani, refu kama mtungi wa gesi, eti tukinunua kitu tununue mara moja. Nikamuuliza nani atalibeba. Akalipiga kofi kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Tulirudi na la boksi. Lilikuwa jepesi, hilo nalikubali, lakini miguu yake mitatu ilikuwa myembamba, ukipumua karibu yake nyota zinacheza. Na ile namba nyekundu ilikuwa ya kutupumbaza. Ukiweka kijilenzi cha kukuza sana unapata giza linalotetemeka. Binti yangu ndiye aliyesoma soma akaniambia kwamba kinachotakiwa ni kioo cha mbele kuwa kipana na miguu kuwa imara, kukuza kidogo kunatosha, tena kwa mtu mzima ndiyo raha, maana mwezi hautoroki upesi kwenye duara. Sasa uliyajua lini haya, nikamuuliza. Akasema baada ya sisi kununua.

Uani kwetu upande wa machweo pamezibwa na ghorofa. Basi mwezi wa Shaabani ulipokaribia, ule unaotangulia wa kufunga, tukaomba ruhusa ya kupanda kwenye paa la ghorofa hilo hilo linalotuziba. Mama alipanda ngazi zile akipumzika kila zinapopinda, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine begani kwangu. Hakulalamika. Alikuwa amevaa kanga mpya. Binti akautafuta mwezi, akaukamata, akafunga miguu kwa matofali ili itulie, tukamketisha mama kwenye kiti cha plastiki. Akaweka jicho. Akasogeza kichwa kidogo, akakirudisha.

"Nauona," akasema.

Wewe hujui nilivyojisikia. Nilikuwa nimeshaanza kujipanga mbele yake, mtu mzima mimi, nimeshanyoosha uso wangu. Kumbe mama alikuwa bado anatazama. "Subhanallah," akasema polepole. "Umepinduka. Pembe zimeangalia chini." Nikainama nami nichungulie. Kweli. Juu ya paa, kwa macho yetu, mwezi ulikuwa umekaa kama ulivyokaa siku zote, bakuli lake juu. Ndani ya lile bomba ulikuwa umefudikizwa kama sahani iliyooshwa. Darubini za nyota ndivyo zilivyo, zinageuza picha juu chini, na anayetazama nyota hajali, kwa sababu nyota haina juu wala chini. Nilimweleza mama. Binti alimweleza. Mume wangu alimweleza mpaka akachora kwa kidole hewani. Mama alikuwa ameshafumba macho.

"Mimi nimeona nilichoona," akasema. "Simwiti mtu kwa mwezi uliomwagika. Nishusheni."

Tulimshusha ngazi zote zile macho yamefumbwa, ameyabana kama mtoto aliyeingiwa na sabuni, asije akayafumbua juu ya mmoja wetu akamtia mkosi. Aliyafumbua chumbani kwake, ukutani. Na Shaabani ile, ndugu yangu, sitaki hata kuikumbuka. Friji ikafa. Mume wangu akateguka kifundo cha mguu akishuka boda. Kila kitu kilipoharibika mama alitikisa kichwa tu, akasema, "Si niliwaambia, ukuta ndio wenye mwezi."

Nikairudisha darubini dukani. Yule muuzaji akaniuliza ina ubovu gani. Nikamwambia inapindua mwezi. Akanitazama, akamtazama mwenzake. "Sasa, nnyabo, si ugeuze darubini?" Nikamwambia nimegeuza, nimejigeuza na mimi mwenyewe, bomba ukiligeuza mwezi hauna habari. "Basi yeye alale," akasema mwenzake, "kichwa huku chini." Wakacheka. Mama yangu huyo wanayemcheka. Walikataa kuipokea kwa sababu boksi lilikuwa limechanika, nikarudi nayo Ntinda, nimeipakata kwenye foleni ya magari, jua linanichoma upande mmoja, na hasira zangu zikanipeleka moja kwa moja kwenye ile baraza ya Mengo, kwenye foleni ya mashavu ya mafuta. Nilijiona niko pale pale. Mwezi mwingine, mwezi mwingine.

Ni binti yangu tena aliyegundua kwamba kuna kipande kidogo chenye kioo cha pembe ndani yake, unakipachika nyuma ya bomba kabla ya kijilenzi, kinainyoosha picha. Wanaotazama ndege na meli ndio wanaokitumia. Tulikitafuta mjini kote. Duka moja walinipa kiwiko cha bomba la maji. Hatimaye mtu mmoja akatuagizia, pamoja na miguu ya kamera iliyo mizito, na kilifika wakati Shaabani yenyewe inakatika. Tukakijaribu mchana kwenye mnara wa simu, mnara ukasimama wima. Nilimwita mama aone. Akauona mnara, akauchunguza kutoka chini hadi juu, akaridhika.

"Lakini juu ya paa la watu sipandi tena," akasema. "Mimi mwezi naujua kwa Mengo."

Ndiyo maana tukawa pale getini, mimi, mama na binti yangu, na askari, na simu ya bosi.

Bosi alipokea mwishowe. Sijui aliambiwa nini. Nilimsikia askari akisema, "Hapana, iko mama mzee tu na watoto yake, wanataka kuona mwezi ya kufunga." Akazima simu, akanirudishia begi kwa mikono miwili, akasema kama niliona vibaya nisamehe, ni kazi. Akatuondolea lile pipa la sabuni mwenyewe.

Mfenesi wa jirani uliotutia kivuli haupo. Baraza haipo. Ukuta wa Lubiri bado upo, na Lubaga iko pale pale na anga lake jekundu, ingawa taa zilizowashwa njia nzima zimelifanya kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha wingu kilikuwa kimekaa pale pale nilipokuwa naogopa kitakaa. Binti alifunga miguu, akapachika kile kipande, akaanza kutafuta. Nilisimama nyuma ya gari. Na hapo, kwa siri, nikafungua mkoba wangu, nikatoa mafuta ya mgando, nikajipaka mashavu yote mawili.

"Huu hapa," binti akasema. "Bibi, njoo upesi, unashuka."

Tukamkalisha mama. Akaweka jicho, akaupoteza, binti akaurudisha, akaupoteza tena kwa sababu alilishika bomba. "Usilishike, Mama," nikamwambia, kwa ukali, mpaka nikajionea haya. Akaiweka mikono mapajani. Akatulia. Sabuni ilikuwa inanuka, boda zinapiga honi barabarani, mtu anakaanga kitu jirani.

"Umekaa," mama akasema. "Umekaa sawa. Kama bakuli la bibi yenu." Midomo ikaanza kucheza kwa dua. Kisha akafumba macho, akageuza kiti na magoti yake, akanyoosha mkono, na mkono ule ulikuwa mkono wa bibi kabisa, na mishipa yake. "Nileteeni yule wangu mkunja uso," akasema.

Binti akanishika begani, akanisogeza. Nikapiga magoti kwenye sementi yenye maji. Nilinyoosha uso wangu kuliko nilivyowahi kuunyoosha maishani. Mama akafumbua macho.

Akanitafuta. Jicho lake lilipita juu yangu, likaenda begani, likarudi, likashuka kifuani, likapanda tena. Giza lilikuwa limeshaingia. Mimi niko mbele yake, pumzi yangu inamgusa. Binti akawasha tochi ya simu akaniangazia, mama akajikinga kwa kiganja. "Zima, mwanangu, inaniumiza." Ikazimwa. Akajaribu tena, halafu akaacha.

"Mwezi nimeuona," akaniambia. "Wewe sikuoni."

Mwezi ule ulioko mbali kiasi hicho nilimletea, nikaunyoosha, nikaukalisha. Uso wangu mimi, niliyekuwa hapo hapo, hakuna duka lililonionyesha kitu cha kumsogezea. Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilimkasirikia muuzaji, na askari kwa zile dakika alizotupotezea wakati bado pana mwanga, na foleni za Ntinda za miaka yote ile ambazo nilikaa ndani yake wakati macho ya mama yangu yalikuwa yanaona. Nyumba nilishaisamehe kuondoka. Macho yale, yaliyokuwa yanatafuta mmoja wetu kwenye foleni ya baraza, sijajua nimdai nani.

Mama akanigusa shavu. Akasugua vidole, akavinusa. "Umejipaka mafuta," akasema. Tulirudi nyumbani. Mume wangu alikuwa ametupikia tambi, zimegandamana.

Kesho yake ndiyo ilikuwa funga ya kwanza. Jioni niliweka matoke ya karanga jikoni, nikashughulika na uji, binti ananiita, simu inalia, na nilipokuja kunusa, sufuria lilikuwa limeshashika chini. Nyumba nzima ikajaa ule moshi mchungu wa karanga zilizoungua. Nilisimama na mwiko mkononi. Kutoka chumbani, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka kwenye ghorofa, mama akauliza, "Mwezi wa uso wa nani huu?"

Nikaanza kukwangua. "Wangu, Mama," nikasema.